Mzee Kigoda, Aliyekaa Kutwa Kulitazama Jua

Mama yetu mpendwa uliyekaa hapa mbele, baba mdogo, ndugu wa pande zote mbili, majirani, wafanyakazi wa vitalu vya maua na wateja wa baba mliofunga safari kuja kumsindikiza, kwa idhini ya familia nasimama mbele yenu mimi mtoto wake wa kwanza, ambaye kazi yangu ni ualimu, na ambaye yeye hakuniita kitu kingine ila Mwalimu tangu siku nilipopata cheti, ili niwasomee historia ya maisha yake kwa ufupi, kadiri miaka sabini na mitano inavyokubali kufupishwa. Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati yetu, amenipa dakika kumi na tano na ameniomba nitaje tarehe na mahali, nisichanganye na hadithi, nami nitajitahidi, ingawa anamjua kaka yake na anajua nimelelewa na nani. Najua pia kwamba wengi wenu mmenung'unika tangu langoni, mkapita nafasi zote zilizo wazi kando ya barabara ya magari, mkauliza kwa nini tumewaleta kwa miguu mpaka kona hii ya mwisho kabisa, wazee kwa vijana, na viatu vyenu vya heshima vikiingia mchanga, na jibu la swali hilo limo humu kwenye karatasi, nitalifikia, naomba mnivumilie.

Marehemu baba yetu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1949, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi matofali na mshona nguo, na mwenyewe alipenda kusema kwamba uani kwao hapakuota hata jani moja, kwa sababu udongo wote wa maana ulikwisha chimbwa ukawa nyumba za watu. Ua la kwanza aliloliona kwa karibu lilikuwa la kitambaa, kwenye kofia ambayo mama yake alikuwa akiishonea bibi harusi, na aliponusa akakuta halina harufu alilia, jambo ambalo shangazi zetu hawakumwacha alisahau mpaka uzeeni.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1957 na kumaliza darasa la nane mwezi Desemba 1964, akishika nafasi ya thelathini na moja kati ya wanafunzi thelathini na wanane, nafasi aliyoitaja kwa fahari kila nilipoleta ripoti nzuri nyumbani, akisema kwamba anawashukuru sana wale saba waliomfuata, maana bila wao asingepata moyo wa kuendelea. Ripoti yake ya mwisho tunayo, karatasi imekuwa rangi ya chai, na mwalimu wake wa darasa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto huyu ni mtiifu lakini anatazama sana dirishani.

Tarehe 2 Mei 1966 aliajiriwa kuwa kibarua katika bustani ya manispaa, chini ya msimamizi mkali ambaye wafanyakazi walimwita Jemedari, na hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo baba aliliita chuo kikuu chake. Mwezi Desemba mwaka huo alikabidhiwa vyungu arobaini vya taji la miiba, ule mmea wenye miiba mwili mzima na vijiua vyekundu vidogo, avitunze mpaka siku ya kupandwa mbele ya jengo la mahakama, naye alipoiona mimea ile imekauka mwili, ina majani machache na miiba mingi, aliingiwa na huruma, akaamini ni kiu, akainywesha asubuhi, mchana na jioni kwa wiki tatu mfululizo. Mimea thelathini na tisa ikaoza kuanzia mizizini, ikalala, na mmoja tu ukapona, kwa kuwa chungu chake kilikuwa nyuma ya mlango na baba alikuwa amekisahau.

Jemedari hakumfukuza wala hakumfokea, alimuuliza tu huyu kwao ni wapi, baba akajibu kwamba kwao ni hapa hapa bustanini, na inasemekana Jemedari alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta, kisha akamweleza kwamba mmea ule asili yake ni Madagaska, kwenye majabali na mchanga, ambako mvua hunyesha ikaondoka kwa miezi, na kwamba alichokiona kuwa ni shida ndiyo raha yake, na kwamba amewaua thelathini na tisa kwa huruma. Adhabu ikawa hii, alipewa kigoda cha mbao, kile cha kufika magotini, akaambiwa akae kutwa nzima kando ya yule mmoja aliyebaki, asiguse maji, asiguse jembe, aandike kila saa jua liko wapi na kivuli kimefika wapi, na jioni alete karatasi.

Baba alikaa. Jioni alirudi na karatasi mbili zilizojaa pande zote, na tangu siku hiyo, kwa miaka hamsini na minane, hakukubali kupanda kitu mahali popote kabla ya kukaa hapo kutwa, na watu wakamwita Kigoda, baadaye Mzee Kigoda, hata barua za benki zikaanza kuja kwa jina hilo. Wateja wengi, tusifichane, walidhani ni mvivu. Mtu anamwita fundi apande maua, fundi anakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kigoda na penseli, anakaa, anahamisha kigoda hatua tatu, anakaa tena, saa kumi na moja jioni anaaga, na mke wa mwenye nyumba anambana mumewe kwamba huyu mtu uliyemleta anafanya nini hasa.

Lakini aliyesubiri alishukuru, kwa sababu baba hakuwa akipanda maua, alikuwa akiwatafutia watu mahali pa kuishi. Na kila mmea kwake ulikuwa mtu, hakusema huu, alisema huyu, na mimi mwalimu wa Kiswahili nilimsahihisha kwa miaka kumi na sita kabla ya kusalimu amri, kwa hiyo leo mtanisamehe nami nikisema hivyo hivyo kwa heshima yake. Alimwelezea bogenvilia kwamba huyu kwao ni Brazili, amezoea jua kali na udongo wa shida, ukimpa mbolea na maji mengi anakupa majani matupu, mwache aone kiu kidogo ndipo akuoneshe rangi. Alimwelezea okidi kwamba huyu haishi ardhini, kwao ni juu ya matawi ya miti mirefu, mizizi inaning'inia na kunywa ukungu, kumfukia kwenye udongo ni kumziba pua. Na yule mdogo wa zambarau mwenye majani ya manyoya, anayependwa na akina mama kwenye madirisha, alimsemea kwa sauti ya chini kabisa, kwamba huyu ni wa miamba yenye kivuli kando ya vijito vya milimani, anywe kutokea chini kwenye kisahani, asimwagiwe maji usoni. Bwana mmoja, ambaye yupo hapa na ameniruhusu nisimulie, alitaka bogenvilia wawili kwa ajili ya korido isiyo na dirisha, baba akakataa kumuuzia, na alipong'ang'ania akaambiwa kwa upole kabisa, "Samahani mzee mwenzangu, mimi siuzi wafungwa."

Mwaka 1973 alitumwa kupanda maua katika ua wa zahanati ya akina mama, na kama kawaida akakaa. Dirishani alikuwako karani wa masjala, msichana mwenye miwani na asiyependa mchezo, ambaye kufikia saa tano alikuwa amekwisha hesabu kwamba kijana yule amehamisha kigoda mara nne bila kushika chombo chochote, akamripoti kwa daktari mkuu kuwa kuna mzururaji, mlinzi akatumwa, baba akajieleza, na karani yule kwa aibu akamtolea kikombe cha chai, akamwambia, "Basi kama unalipwa kwa kukaa, kaa na chai." Baba akamjibu kwamba dirisha lake ni dirisha la begonia. Karani alikasirika miezi miwili, akidhani amepewa jina la utani, mpaka alipomuuliza huyo begonia ni nani, akaambiwa ni mtu wa misitu yenye unyevu, anataka mwanga lakini si jua la moja kwa moja, maji kwa kipimo, na asihamishwehamishwe, akafikiri, akaona kwamba hakuna mwanaume aliyewahi kumwelewa kiasi hicho. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1974, ndiye mama yetu huyu, na ni kweli, mpaka leo ukimhamishia kiti chake utamtambua.

Katika ndoa yao walijaliwa watoto watatu, mimi niliyezaliwa mwaka 1975, mdogo wangu wa kiume fundi umeme aliyezaliwa 1978, na kitinda mimba wetu mwuguzi aliyezaliwa 1983, na wajukuu saba. Alitulea kama alivyolea vitu vyake vyote, kwa kututazama kwanza. Mdogo wangu alipomleta nyumbani mchumba wake, sisi wengine tuliuliza ukoo na elimu, baba aliuliza tu anapenda kukaa upande gani wa chumba, na mchumba alipojibu kwamba hukaa karibu na mlango kwa sababu hapendi kubanwa, baba akamgeukia mwanawe akamwambia umesikia mwenyewe.

Tarehe 1 Machi 1988 aliacha kazi ya manispaa akafungua kitalu chake mwenyewe, na mahali alipochagua ni lile shimo la zamani la kiwanda cha matofali, pale pale nyuma ya nyumba aliyozaliwa, mahali ambapo kila mtu alimwambia hapaoti kitu. Alikaa na kigoda siku nne badala ya moja, kisha akatumia miaka sita kurudisha udongo, majani makavu kwa majani makavu, maganda kwa maganda, na mnaokijua kitalu chake leo mnajua kwamba hakuna chungu hata kimoja kisicho na kibao, kipande cha plastiki alichokata kwenye madumu mabovu, kimeandikwa kwa penseli, kwa sababu wino hufutwa na jua na penseli haifutwi, nacho kina mistari ile ile, Kwao, Jua, Maji, na mwisho Tahadhari.

Tarehe 19 Septemba 2023 madaktari walimkuta na tatizo la moyo kupanuka, akapewa dawa na masharti, na mwezi Novemba mwaka jana, alipoanza kuvimba miguu na kuchoka kwa kupanda ngazi tatu tu, nilimchukua yeye na mama wakaja kuishi kwangu. Hapa, ndugu zangu, naomba niseme jambo ambalo halimo katika mwongozo wa kamati.

Nilimpenda baba yangu kupita kiasi katika miezi ile. Nilimfungia pazia ili mwanga usimchoshe, nilimpa uji kila baada ya saa mbili, niliwarudisha wageni mlangoni, hata nyinyi wenzake wa kitalu niliwarudisha, na ninawaomba radhi. Nilimkatalia kwenda uani, nilimuuliza hali yake mara nyingi hata akaanza kunijibu kabla sijafungua mdomo. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, unanimwagilia mno." Nikacheka, nikadhani ni utani wake wa siku zote, nikamwongeza blanketi.

Siku ya Jumatano, tarehe 8 Januari 2025, nilirudi kutoka kazini nikakuta kitanda kitupu, mama akaniambia baba ameaga tu kwamba anarudi jioni, naye hajui alikokwenda, na kigoda hakipo. Nilizunguka kitalu, hospitali na nyumba za marafiki zake wote, na alirudi mwenyewe kwa teksi saa kumi na mbili kasoro, viatu vimejaa vumbi, shingo imeungua kwa jua, amechoka na ana furaha, na alipoulizwa alikuwa wapi akaanza kukung'uta viatu. Nilimfokea. Nilimfokea baba yangu mzazi barazani, majirani wakisikia, nikamnyang'anya kigoda chake nikakifungia stoo na ufunguo nikautia kwenye mkoba wangu. Yeye alisema tu nikiweke pakavu, kisije kikaliwa na mchwa, na katika siku thelathini na nne zilizobaki hakukiuliza tena, wala hakunibadilikia, na mimi sikumwomba msamaha, kwa kuwa kila siku nilijiona niko sahihi.

Baba yetu alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, katika wodi ya wagonjwa wa moyo, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama, na maneno yake ya mwisho yalikuwa kumwambia mwuguzi kwamba yule jimbi wa kwenye chungu aliye dirishani anaungua kwa jua, asogezwe ndani kidogo, na alisogezwa.

Juzi Alhamisi mimi na baba mdogo tulikwenda ofisi ya makaburi, tukiwa tumekubaliana kuchukua nafasi ya mbele, karibu na lango, ili magari yafike. Msimamizi wa makaburi, ambaye yupo hapa, alituuliza kama marehemu ndiye yule mzee wa kigoda. Akatueleza kwamba tarehe 8 Januari baba alifika saa moja na nusu asubuhi, akaomba ruhusa ya kukaa, na msimamizi akamuuliza ana nani aliyelala hapa, akajibiwa kwamba bado, anayekuja kulala ndiye huyu anayeongea naye. Alianzia langoni, akahamisha kigoda mara nane, akapumzika, akaendelea, mpaka alipofika kona hii, upande wa mashariki wa mjakaranda huu, akakaa mpaka saa kumi na moja. Msimamizi alishindwa kujizuia akamuuliza, "Mzee, ukishalala humo, jua na kivuli vinakuhusu nini?"

Na baba akamjibu, ninayasoma kama nilivyoyaandika kwa mkono wangu pale ofisini, "Mimi nitakuwa chini, jua halinihusu, wao ndio watakaosimama. Mke wangu akipigwa na jua kichwa kinamuuma siku mbili. Na binti yangu mkubwa ni mwalimu, anatoka kazini saa nane na nusu, kwa hiyo akija atakuja saa tisa, na atakaa sana, maana huyo akikupenda hajui kukuacha upumue."

Kisha msimamizi akafungua mtoto wa meza akatoa kibao, kipande cha dumu la njano, maandishi ya penseli, nacho ndicho kitakachosimama hapa mpaka jiwe litakapokuwa tayari. Kimeandikwa, Kwao, hapa. Jua, la asubuhi. Kivuli, kuanzia saa tisa kasoro. Maji, ya mvua yanatosha. Tahadhari, Mwalimu asimwagilie sana.

Kwa hiyo siku ile niliyomfokea alikuwa ametoka kunitafutia mimi kivuli. Baba, nisamehe, na asante. Nadhani ulikwisha nisamehe hata kabla sijakosa, na hilo nitaliishi.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa kliniki na wodi ya moyo, mliomhudumia tangu Septemba 2023 na mkavumilia ushauri wake kuhusu vyungu vyenu vya koridoni, ambavyo nasikia sasa vimechanua, kwa majirani zangu mliomtafuta nami siku ile na mkanyamaza nilipofoka, kwa majirani wa kule kitaluni, kwa walimu wenzangu mlioshika vipindi vyangu bila kuombwa mara mbili, kwa wafanyakazi wa kitalu ambao mmekuja na vipandikizi vya taji la miiba, wote wajukuu wa yule mmoja aliyesahaulika nyuma ya mlango, kila atakayependa achukue kimoja langoni, akiache kikauke siku tatu ndipo akipande kwenye mchanga, na tafadhali asikionee huruma. Kwa msimamizi wa makaburi, aliyetunza neno la mgeni wa siku moja, hatuna cha kukulipa. Baba mdogo, nimezidisha dakika, utaniwia radhi.

Nilipoanza kusoma jua lilikuwa usoni mwenu na niliwaona mmekunja nyuso, wawili watatu mkatafuta miavuli. Tazameni sasa. Ni saa tisa, hakuna mwavuli uliobaki wazi, na mama, ambaye amekaa kwenye kigoda hicho hicho nilichokitoa stoo asubuhi hii, amevua miwani yake ya jua. Pumzika kwa amani, baba yetu, kivuli kimefika.